Zaka: Je, Ni Lazima Iwe Asilimia Kumi?



Swali la leo nimeulizwa mara nyingi, na wengi wanaoniuliza ni vijana waliopata mshahara wao wa kwanza. "Hivi kaka, sisi Wakatoliki fungu la kumi ni lazima?" Kwa muda mrefu nilikuwa najibu haraka haraka: ndiyo, imo kwenye Amri za Kanisa, basi. Nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, daftari la zaka lilikuwa mikononi mwangu, na katibu mwenye daftari hapendi maswali marefu. Leo nitajibu polepole, kwa sababu lile jibu la haraka lilishamuumiza mtu.

Ilikuwa hivi. Alifariki mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi baiskeli. Binti yake akaja kwa viongozi kuomba utaratibu wa Misa ya mazishi. Tulikuwa tumekaa nje, watu sita hivi. Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, hebu fungua daftari tuone." Nikafungua. Nikasoma kwa sauti, mbele ya yule dada aliyekuwa bado amejifunga kanga kiunoni kwa msiba: "Miaka mitatu, hakuna kitu." Watu wakanyamaza. Mwenyekiti akakohoa, akasema jambo hili ni gumu, itabidi familia "ijipange" kwanza. Yule dada hakubishana. Alisema neno moja tu: "Miaka hiyo mitatu ndiyo baba alikuwa haoni." Akaondoka.

Alikwenda mwenyewe parokiani. Paroko alimzika mzee kwa Misa, hakuuliza habari ya daftari. Ila wiki iliyofuata alituita ofisini. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Hiyo sheria mliyoitumia mmeisoma wapi?" Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa sijaisoma popote. Ndipo nikaanza kusoma.

TORATI INASEMA NINI HASA

Wengi tunaanzia kwa Malaki, kwa sababu ndiye anayehubiriwa zaidi. Lakini zaka ni ya zamani kuliko Malaki, na ni ya zamani hata kuliko Musa. Katika Mwanzo 14 Abramu anarudi kutoka vitani, anakutana na Melkizedeki, kuhani na mfalme wa Salemu, na anampa sehemu ya kumi ya vile alivyoteka. Hakuna aliyemwamuru, na Maandiko hayasemi kwamba alifanya hivyo kila mwezi. Katika Mwanzo 28 Yakobo anaweka nadhiri: Mungu akimlinda safarini na kumpa chakula na nguo, atamtolea sehemu ya kumi. Hiyo nayo ni nadhiri ya mtu binafsi, tena ina "kama" ndani yake.

Sheria yenyewe inakuja na Musa. Walawi 27 inataja mazao ya shamba, matunda ya miti na mifugo. Hesabu 18 inaeleza kwa nini: kabila la Lawi halikupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine, kazi yao ilikuwa huduma ya Hema, kwa hiyo zaka ndiyo iliyokuwa shamba lao. Na Walawi nao walitoa kumi ya ile kumi kwa makuhani. Yaani hata mpokeaji alitoa.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 14, kuanzia mstari wa 22. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilirudia kuhakikisha macho yangu. Pale Mwisraeli anaambiwa apeleke zaka ya nafaka, divai na mafuta mahali atakapochagua Bwana, na akifika huko aile, yeye na watu wa nyumbani mwake, kwa furaha mbele za Mungu. Njia ikiwa ndefu mno, auze, afunge fedha mkononi, na akifika anunue chochote roho yake inachotamani: ng'ombe, kondoo, hata kileo. Asimsahau tu Mlawi. Na kila mwaka wa tatu zaka inabaki mjini kwao ili wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane, washibe.

Mjane. Mgeni. Yatima. Hawa katika Torati wanatajwa upande wa wanaokula zaka. Sikumbuki hata siku moja mtu akisimama jumuiyani kuuliza kama kuna mzee asiyeona ambaye zaka ingepaswa kwenda kwake.

Na Malaki? Ndiyo, katika sura ya 3 Mungu anawalaumu watu kwamba wanamwibia, na anawaambia walete zaka nzima ghalani. Maneno mazito, siyapunguzi. Lakini soma kitabu chote, ni kifupi, dakika kumi na tano zinatosha. Sura ya 1 na ya 2 lawama kali inawaendea makuhani, waliokuwa wakitoa madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Kisha soma Nehemia 13: Walawi walikuwa hawapewi sehemu zao, wakaacha huduma, kila mmoja akarudi shambani kwake. Nehemia alipowarudisha, watu wakaleta zaka, na yeye akaweka watunza hazina walioaminiwa na wote ili wagawe. Ghala lilikuwa na watu wa kuhesabu, na watu waliwajua. Mhubiri akikusomea Malaki bila ghala na bila hesabu, amekusomea nusu.

YESU NA MITUME

Mstari wenye nguvu zaidi kwa wanaosema zaka ni lazima ni Mathayo 23:23. Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo wanaotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, huku wameacha mambo makubwa ya Sheria: haki, huruma na uaminifu. Anaongeza kwamba walipaswa kufanya haya makubwa bila kuacha yale mengine. Rafiki yangu mmoja aliyehamia kanisa lingine alinionyesha mstari huu akasema, "Unaona? Yesu hakufuta." Ni kweli, hapo hakufuta. Lakini anaongea na watu walio chini ya Torati, Hekalu likiwa bado limesimama, Walawi wakiwa bado kazini. Ni Yesu huyo huyo aliyemwambia mkoma aliyetakasika aende akajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka aliyoagiza Musa (Mathayo 8:4). Hakuna Mkristo leo anayepeleka ndege wawili kwa kuhani baada ya kupona ngozi. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, na ukuhani wa Lawi ukabaki bila madhabahu.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unarudi kwa Melkizedeki na unazungumzia zaka kwa urefu. Lakini hoja yake ni kwamba Kristo ni Kuhani mkuu kuliko Walawi, na kwamba ukuhani ukibadilika, sheria nayo hubadilika. Mwandishi alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema "basi nanyi toeni kumi". Hakusema.

Mitume nao walipata nafasi. Katika Matendo 15 Kanisa lilikaa Yerusalemu kuamua ni mambo gani ya Torati watwishwe Wakristo wasio Wayahudi. Walitaja vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, damu, wanyama walionyongwa, na uasherati. Fungu la kumi halimo.

Ila usishangilie bado. Angalia Mitume walifundisha nini badala yake. Wakristo wa Yerusalemu waliuza mashamba na nyumba wakagawiana kulingana na mahitaji. Anania na Safira waliadhibiwa kwa uongo. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Mtakatifu Paulo anawaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu kulingana na alivyofanikiwa (1 Kor 16:2). Katika barua ya pili, sura ya 8 na ya 9, anaandika sura mbili nzima za kuchangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na asilimia haitaji. Anasema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, asisononeke wala asisukumwe, na kwamba kipimo ni kile mtu alicho nacho. Na anasema pia kwamba wanaotangaza Injili wana haki ya kuishi kwa Injili (1 Kor 9:14). Padre anakula, bwana. Umeme wa kanisa unalipiwa.

KANISA LILIVYOELEWA

Mnamo mwaka 155 hivi, Mtakatifu Yustino Mfiadini alimwandikia Kaisari kueleza Wakristo wanafanya nini Dominika. Anasema wenye uwezo na wanaopenda hutoa kila mmoja anachoona kinafaa. Kinachokusanywa huwekwa kwa yule anayeongoza, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mtakatifu Ireneo, baadaye kidogo katika karne hiyo hiyo, anafundisha kwamba Wayahudi walitoa zaka, lakini waliopokea uhuru wa Kristo huviweka vitu vyao vyote kwa matumizi ya Bwana. Ukimsikiliza Ireneo, kumi ni kiwango cha chini.

Kumi kama sheria ilirudi polepole. Sinodi ya Mâcon huko Gaul, mwaka 585, iliamuru zaka ilipwe, na atakayekaidi atengwe. Mwaka 779 Mfalme Karolo Mkuu akaiingiza katika sheria za dola. Toka hapo kwa karne nyingi Ulaya zaka ilikuwa karibu sawa na kodi, na hata Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ulisisitiza ilipwe. Ufaransa iliifuta katika mapinduzi ya 1789, na wakulima hawakulia. Huu ni upande wa historia yetu ambao hatupendi kuusimulia: kitu cha upendo kikigeuka kodi, watu husubiri siku ya kukitupa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi wakati zaka ni sheria kamili, alitenganisha mambo mawili, na mimi naona hapo ndipo penye ufunguo. Akili ya kawaida, asema, inatuonyesha kwamba wanaohudumia watu katika mambo ya Mungu wanapaswa kutunzwa na watu hao. Hilo halibadiliki. Lakini kwamba kiwe hasa kumi, hilo kwa Wakristo limewekwa na mamlaka ya Kanisa, na Kanisa lingeweza kuweka kiwango kingine kulingana na nyakati na watu.

Na ndivyo lilivyofanya. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazitaji asilimia kumi popote. Kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, kwa ajili ya ibada, utume, matendo ya upendo na riziki ya watumishi wake. Na kanuni hiyo hiyo inaongeza wajibu wa kutetea haki katika jamii na kuwasaidia maskini kwa mapato yetu wenyewe. Kanuni ya 1262 inaelekeza kwamba michango hiyo ifuate taratibu za Baraza la Maaskofu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2043, inasema waamini wanalazimika kuyasaidia mahitaji ya Kanisa, kila mmoja kwa uwezo wake.

Sasa mtaniuliza: mbona tulikariri kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza kwamba amri ya tano ya Kanisa ni kulisaidia Kanisa kwa zaka? Ni kweli, na bado inakaririwa hivyo. Lakini angalia neno lenyewe. "Zaka" limetoka Kiarabu, na halina "kumi" ndani yake. Majirani zetu Waislamu wana zaka yao, na kwa fedha ni asilimia 2.5 ya akiba iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima. "Fungu la kumi" ni neno jingine. Biblia zetu ndizo zilizoyaweka mawili haya kitanda kimoja. Parokiani, zaka ni kile unachoweka kwenye bahasha yenye jina lako kwa ajili ya kulitegemeza Kanisa. Amri inasema saidia. Haisemi kiasi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kutoa ni wajibu, tena wajibu kweli kweli. Mwenye uwezo anayekataa kwa makusudi akiwaachia wengine mzigo, hilo ni jambo la kupeleka kitubioni. Kiwango cha asilimia kumi si sheria ya Kanisa kwa Mkatoliki wa leo. Ni kipimo kizuri cha zamani, na wengi wanaokitumia wanakuwa huru na fedha zao kuliko mimi.

TUJE KWENYE MSHAHARA

Najua unachotaka kuuliza: kumi ya nini? Tuchukue kijana wa Tanzania mwenye mshahara wa 600,000 aliyesoma kwa mkopo wa serikali. NSSF asilimia 10, yaani 60,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 90,000. Kodi ya mshahara kama 24,000. Anapokea 426,000. Kumi ya juu ni 60,000, kumi ya mkononi ni 42,600. Bado kodi ya chumba, nauli, mama kijijini, na mdogo wake yuko kidato cha tatu. Huyu nimwambie nini? Siwezi kumwambia anamwibia Mungu akiweka 15,000. Kumsomesha mdogo wake nako ni sehemu ya wajibu wake mbele ya Mungu. Yesu aliwakemea waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutomsaidia baba na mama (Marko 7:9-13). Lakini kijana mwingine anapokea kiasi hicho hicho, hana anayemtegemea, kila wikiendi yuko na washikaji na bili ya usiku mmoja inazidi 50,000, halafu Dominika anatafuta sarafu ya 500. Huyo nadhani anajijua.

Na mwanachuo? Boom ni mkopo, utakuja kuulipa. Toa kidogo, toa kwa uaminifu, na kama huna pesa una Jumamosi; kanisa linahitaji kufagiliwa.

Kitu kimoja nakikataa kabisa: kutoa ili urudishiwe mara mia. Nimepoteza marafiki wawili kwa mafundisho hayo. Mmoja alitoa ada ya muhula, akasubiri muujiza, akaacha chuo. Yule mjane wa Marko 12 aliyetoa senti zake mbili, Injili haisemi kwamba kesho yake alitajirika. Na mistari inayotangulia, Yesu alikuwa akiwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara nyingi tunaanza kusoma baada ya mstari huo.

HAKI YA ANAYETOA

Hili tulisema mara chache mno. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa watoe hesabu kwa waamini juu ya kile walichotoa. Kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Kwa hiyo kuuliza "ile ya paa imefikia wapi?" hakukufanyi mkaidi. Uliza kwa adabu, uliza kikaoni, si kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane.

Na kuhusu daftari letu. Kanuni ya 848 inasema wahitaji wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kanuni ya 1181 inasema maskini wasinyimwe mazishi wanayostahili. Kanuni ya 1184 inaorodhesha watu wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani hadharani, wazushi, wafarakano, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kwazo. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Nimeipitia kanuni hiyo zaidi ya mara moja nikitafuta "asiyelipa zaka". Hayumo.

Mwenyekiti wetu hakukubaliana nami, na sababu yake si ya kijinga. Alisema, "Katibu, ukiwaambia hivyo, waliokuwa wanatoa kwa kuogopa mazishi wataacha." Pengine wataacha baadhi. Parokia yetu haina mfadhili, na bati hazinunuliwi kwa kanuni za sheria. Lakini nilimjibu kwamba anayetoa kwa kuogopa kuzikwa bila padre, tumemfundisha kumwogopa katibu, hatujamfundisha kumpenda Mungu. Tulikubaliana jambo moja tu: daftari halifunguliwi tena msibani. Asiyetoa kwa miezi mitatu atatembelewa nyumbani, akiwa hai, kuulizwa hali.

Nilikwenda kumwomba radhi yule dada. Ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamwambia nilichokuja kusema, akasikiliza bila kuacha ungo. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kadi za zaka za baba yake, za miaka mingi, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. 500, 500, 1,000, 500. Hakuna mwezi uliorukwa, mpaka mwaka ule macho yalipokufa. Mimi nilikuwa bado sijawa katibu miaka hiyo.

"Daftari bado unalo?" akaniuliza.

Nikamwambia ninalo.

"Basi pale uliposoma hakuna kitu, andika kwamba alikuwa haoni."

Jioni ile nikalifungua, nikatafuta jina lake, nikaandika.